Jina la Mpigaji Besi Ukutani

Karakana ya Makochi,
Chumba cha Nyuma.
Jumapili, 16 Novemba.

Mpendwa Binamu Tetemeko,

Pokea salamu zangu, nazo ni nyingi kuliko ninavyostahili kuzituma. Hujambo lakini? Goti linaendeleaje, lile ulilojigonga kwenye ngazi za kazini? Mama ameniamuru nikuulize kwanza kuhusu goti, halafu kuhusu baridi, halafu kama unakula. Nimeuliza yote matatu, na wewe ujibu yote matatu, maana barua zako husomwa kwa sauti hapa sebuleni na jibu moja likikosekana nasutwa mimi.

Sisi hatujambo. Mama mgongo unamsumbua asubuhi tu, ikifika saa nne anasahau kwamba ana mgongo. Baba yako mzima kabisa. Juzi mjomba alikuja kuchukua kiti chake tulichokitengeneza, akakaa juu yake palepale karakanani saa nzima akimsimulia tajiri wangu habari zako, kana kwamba tajiri hajui. Dada naye anakusalimu, na mumewe, shemeji yetu, ambaye utamsikia sana humu ndani.

Picha yako Mama ameiweka juu ya kabati la vyombo, ndani ya fremu. Yangu iko kwenye droo pamoja na betri zilizokwisha. Silalamiki, nakuarifu tu.

Nimeamua kuandika kwenye karatasi badala ya kukupigia simu kwa sababu moja. Wewe kwenye simu hucheka kabla mtu hajafika katikati ya maneno yake, na hili nililo nalo leo lazima nilifikishe mwisho. Kwa hiyo keti, soma polepole, na usiruke mistari.

Nianze na habari njema. Tumerekodi wimbo mpya, ule wa Mwalimu, "Umeme Umekatika". Ndio wa kwanza tangu uondoke, na ndio wa kumi na mbili ukutani.

Ukuta wenyewe unaukumbuka. Chumba cha nyuma hakijapakwa rangi tangu ulipotoka humu na begi lako, na nyimbo kumi na moja bado ziko palepale, kwa maandishi ya shemeji, kwa chaki yetu ya kuchoria vitambaa. Jina la wimbo, chini yake sauti na gitaa, kisha dramu, kisha besi. Sauti na gitaa ni Mwalimu mara kumi na moja, na hiyo ni haki yake, nyimbo anazitunga yeye akimaliza kusahihisha madaftari ya hesabu. Dramu ni Shemeji mara kumi na moja. Na besi, binamu yangu, ni Tetemeko, Tetemeko, Tetemeko, mpaka chini karibu na sakafu.

Sheria unaijua. Anayeandikwa ni aliyeiunda sehemu yake, siyo anayeipiga. Hizo kumi na moja nimezipiga kila Jumamosi kwa miaka mitatu, vidole vimeota sugu, na ukutani simo.

Sasa nikwambie ambalo sijawahi kukwambia. Nakuonea wivu. Wala si wivu wa kutaniana, ni kijiba cha roho kabisa. Tukimaliza mazoezi hakukosi mtu wa kusema, Tetemeko hapa angefanya hivi, Tetemeko pale angefanya vile. Shemeji hufumba macho akipiga dramu, na mimi najua akifumba anamwona nani. Hata gitaa lenyewe ni lako. Pale ulipokuwa ukiegemeza kidole gumba rangi imeng'oka, na mimi kila nikilishika nakuta gumba langu limekaa kwenye alama ya mtu mwingine.

Basi Mwalimu alipouleta huu wimbo mwezi wa tisa, nikasema moyoni, huu ni wangu. Ni roki ya mbio, gitaa linanguruma tangu mwanzo mpaka mwisho, na maneno yake yanachekesha. Umeme unakatika mtaani saa ya kazi. Kinyozi amemnyoa mtu nusu kichwa. Fundi wa kuchomelea amebaki na nusu ya geti. Mpishi wa hoteli amefunguliwa friji na paka. Besi haikuwepo. Palikuwa na nafasi tupu, na nafasi hiyo ilikuwa inaniita kwa jina langu.

Kosa alilifanya Mwalimu, akakutumia na wewe uusikie. Alisema ni kwa ajili ya kukuburudisha tu.

Ujumbe wako uliniingia Jumatano mchana, nikiwa navisha kitambaa kochi la daktari mmoja wa meno. Dakika tatu na nusu za sauti yako ukivumisha besi kwa mdomo juu ya wimbo wa Mwalimu, maana huko huna gitaa, na chini yake umeandika maneno matatu: "Wapelekee wenzio wasikie." Hukuniuliza mimi nimefika wapi. Hukuniambia hata nisikilize. Mpigaji besi wa bendi nimefanywa tarishi.

Sikuwapelekea. Sentensi hii nimeiandika kwenye karatasi nyingine mara tatu nikachana, na sasa imekaa, tuendelee.

Nilitaka kuusikiliza peke yangu, na karakana ilikuwa imejaa watu. Nikaisukuma simu ndani ya kochi la daktari wa meno, katikati ya tabaka mbili za sponji, nikalaza sikio juu ya mto. Tajiri akapita akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia napima ugumu wa kiti. Wewe umekulia kwenye karakana hii, na sponji unaijua. Sauti nyembamba inazimeza, mvumo inaupitisha. Ukaja mvumo mtupu, mzito, kama vile umo humo ndani ya kochi unanisubiri.

Du. Du. Du-du. Halafu unashuka mpaka uzi mnene, unakaa hapo, unangoja gitaa lipite. Basi. Noti tatu na mteremko mmoja, wimbo mzima. Nikaanza kufurahi, nikasema huyu huko aliko amechoka, kazi zimemmaliza, hana jipya.

Kisha ukaja ubeti wa pili. Kwa hesabu yangu, Mwalimu anapofika pale pa "taa zikazima mtaa mzima", nawe ukazima. Kimya. Mapigo manane, niliyahesabu kwa kidole juu ya kitambaa. La tisa likakukuta umesharudi, umekanyaga palepale panapotakiwa, kana kwamba hukuondoka. Nilikaa sakafuni na nyundo yangu mkononi. Mtu gani huyu anathubutu kuuacha wimbo wa roki bila besi katikati ya ubeti? Taa zimezima, na yeye kazima! Roho iliniuma kama jino bovu. Ningeweza kukaa na wimbo ule miaka kumi na nisingeliwaza hilo.

Nikafunga simu. Uliponiuliza kama wameusikia nikakujibu mtandao unasumbua. Uliponiuliza tena nikakuambia simu imeingia maji. Binamu, simu hii haijawahi kuguswa hata na umande.

Wiki tatu zilizofuata nilizitumia kukushinda. Ulipoweka noti moja, mimi niliweka nne. Ulipokaa kwenye uzi mnene, mimi nilipanda mpaka uzi mwembamba, nikateleza na kushuka, nikapanda tena. Nilifanya mazoezi jikoni hadi Mama akawa anakatia vitunguu uani. Nikikumbuka yale mapigo manane nilikuwa naongeza noti zaidi, niyazibe, nisiyasikie kichwani. Na siku ya mazoezi nikaipiga yote mbele yao, jasho linanitoka, nikamaliza nikiwa na uhakika kwamba sasa wamepata mtu.

Mwalimu aliinamisha kichwa akatazama kamba za viatu vyake. Halafu akaniuliza, kwa ile sauti anayomwulizia mwanafunzi jibu ambalo wote wawili wanajua si hilo, kama kwenye huu wimbo mwimbaji ni yeye au ni mimi. Shemeji alikuwa ameangusha fimbo moja katikati ya kiitikio akaacha kuiokota. Wahenga walishasema debe tupu haliachi kuvuma, nami nilivuma kweli.

Ningekuwa na akili ningewapa ujumbe wako siku ile. Wivu hauna akili. Nikasema watauzoea.

Tulikwenda studio Jumamosi asubuhi, wiki iliyopita. Iko nyuma ya duka la matairi, ukutani wametundika mablanketi, na mwenye mitambo ni bwana mmoja mwenye njiti ya kiberiti mdomoni ambaye hatikisi kichwa wala hatabasamu, anatazama taa zake tu. Muda wetu ulikuwa mpaka saa sita, maana saa sita inaingia kwaya. Tukarekodi mara ya kwanza, ikaharibika. Ya pili ikaharibika. Ya tatu shemeji alipotea kabisa, akasimamisha, akaomba radhi yeye, na mimi najua kosa halikuwa lake. Dramu yake ya mguuni ilikuwa inanitafuta na mimi siko nyumbani.

Saa tano na nusu yule bwana akaitoa njiti mdomoni. Aliniambia bila hasira yoyote, "Kaka, umeweka madirisha tu. Ukuta uko wapi?"

Nilitamani sakafu inimeze. Kwaya ilikuwa imeshafika, wanawake wanapiga soga huko nje kwenye matairi. Mwalimu akasema turudie mara moja tu, ya mwisho, ikishindikana basi, wimbo utakaa mpaka atakapopata tena nafasi shuleni. Akahesabu, moja, mbili, tatu, nne, na vidole vyangu vikaenda vyenyewe. Du. Du. Du-du. Kisha chini.

Ukitaka nikuapie kwamba sikukusudia, siwezi. Nilijua ninachopiga tangu noti ya kwanza. Nilichosahau ni jinsi inavyokuwa. Nilimsikia shemeji anakaa sawa kwenye kiti chake, mguu wake ukanikuta, na Mwalimu akaanza kuimba kama mtu aliyetuliwa gunia. Kumbe kazi ya besi ni kuwapa wenzio pa kukanyaga. Usione vyaelea, vimeundwa, na uliyeviunda ni wewe.

Tukafika "taa zikazima mtaa mzima". Nikaondoa vidole.

Yule bwana wa mitambo aliruka kwenye kiti. Alidhani waya umekatika, akawa anagusa vitufe huku na huku, njiti imemdondoka. Mwalimu macho yalimtoka lakini hakuacha kuimba. Dramu peke yake, gitaa peke yake, na chini yake shimo. Halafu nikarudi, na chumba kizima kikatetemeka, hadi wale wanakwaya wakachungulia mlangoni.

Tulipomaliza, Mwalimu akanishika kichwa kwa mikono yote miwili akanibusu utosini, mtu mzima na ndevu zake. Alisema kile kimya ndicho wimbo wenyewe, kwamba yeye ameandika beti tatu kuhusu giza na mimi nimelileta giza lenyewe. Mwenye mitambo akacheka, naamini kwa mara ya kwanza mwaka huu. Shemeji alikuwa anafuta fimbo zake kwa kitambaa. Anazifuta taratibu, ananitazama.

Tukarudi karakanani kuandika ukuta. Unajua siku zote anaandika yeye. Akaandika jina la wimbo, akamwandika Mwalimu, akajiandika yeye, akaandika neno besi na nukta zake mbili. Kisha akanipa chaki.

"Andika mwenyewe," aliniambia.

Nikaandika Sponji. Jina ulilonipa wewe, la kunicheka, kwamba navisha makochi na nanyonya kila unachokipiga. Niliandika kwa herufi kubwa, na niliporudi nyuma kutazama nikakuta mstari umepanda kama ngazi. Miaka mitatu nimeungoja mstari huo.

Wiki iliyofuata nisiisimulie sana. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na mimi nilitembea nayo mtaa mzima. Mwalimu alimwambia kila mtu, mpaka kinyozi akawa ananiita Bwana Kimya na kunikalisha kabla ya zamu yangu. Mama aliitoa picha yangu kwenye droo. Akaisimamisha karibu na yako, bila fremu, imeegemea birika. Na sifa zote, binamu, zote kabisa, zilikuwa za yale mapigo manane. Hakuna hata mmoja aliyesema habari ya du-du-du. Kila nikisifiwa nilikuwa nakuona wewe unasifiwa. Nimewahi kukuonea wivu kwa mambo mengi, lakini kukuonea wivu kwa sifa ninazopewa mimi mwenyewe, hilo ni jipya hata kwangu.

Ijumaa nikashindwa. Nikachukua hedifoni za dada, nikajifungia kwenye stoo ya mbao, nikausikiliza ujumbe wako tena, safari hii sawasawa, masikioni, bila sponji. Nilitaka kujua uliwazaje. Nilitaka nisikie pumzi yako kabla ya kunyamaza, labda ningejua siri.

Nikasikia maji yanadondoka. Nikasikia sauti yako inarudi kwenye kuta, na hapo nikatambua umejifungia bafuni ili wenzako wa nyumba wasikuone kichaa. Mwalimu akafika kwenye "taa zikazima mtaa mzima". Ngo, ngo, ngo! Mtu anagonga mlango, anagonga kwa hasira kama mtu wa kudai kodi. Ukanyamaza. Kisha ukamjibu, kwa lugha ya huko, kwa ile sauti ambayo duniani kote ina maana moja tu, kwamba humu kuna mtu. Miguu ikaondoka. Ukaendelea, du, du, du-du.

Nilirudia mara sita. Binamu, nilicheka hadi nikakaa juu ya misumari. Ule ujasiri, ule ubingwa, ile akili iliyonikosesha usingizi mwezi mzima, ni mtu aliyebanwa haja anataka zamu yake! Nilipomaliza kucheka nikaanza kulia, sijui kwa nini, na nilipomaliza kulia nikaenda kumtafuta shemeji.

Nilimkuta nyumbani kwake chini ya sinki. Unajua fundi bomba, kwake ndiko bomba huvuja. Nikazungumza na miguu yake, na ilikuwa rahisi zaidi. Nikamwambia ujumbe ulikuja lini, nikamwambia nimeuficha wapi, nikamwambia ya mtandao na ya maji. Nikamwambia besi ile ni ya Tetemeko, noti kwa noti.

Sauti ikatoka chini ya sinki. "Najua."

Nikamwuliza anajuaje. Akasema amekaa nyuma ya Tetemeko miaka tisa, na mguu wake ulikutambua kabla sikio halijakutambua, kwenye noti ya pili. Nikamwuliza, sasa kwa nini ulinipa chaki? Akasema alitaka kuona nitaandika nini. Hapo, binamu, nilitamani niingie kwenye bomba.

Halafu akaacha kukaza, akasema, "Ila pale penye kimya nilipotea. Nikasema, hapa siyo yeye. Yule hajawahi kunyamaza tangu azaliwe. Nikajua hapo ni wewe."

Nilisimama pale jikoni kwa dada kama mtu aliyeitwa jina lake kwa mara ya kwanza. Ikabidi nimweleze ya bafuni. Nikamweleza na kochi la daktari wa meno, na sponji iliyomeza mlango na mgongaji ikaniachia kimya kitupu. Shemeji alicheka akajigonga kichwa kwenye sinki, akatoka na uvimbe ambao dada amenilaumu mimi hadi leo.

Alipopoa tukabishana, na nataka ujue nilikutetea. Nilisema kimya ni chako, mdomo ulionyamaza ni wako. Akasema wewe hukunyamaza, ulikuwa unamjibu mtu. Kama ungesikilizwa na mtu mwingine yeyote, mwenye roho safi na hedifoni nzuri, asingesikia kimya chochote, angesikia mlango, na sisi tungepiga wimbo mzima bila shimo. Ilihitajika mtu mwenye kijicho cha kutosha kuficha simu ndani ya kochi, na masikio ya kutosha kujua kwamba alichosikia ni kizuri. Alisema wote wawili ni mimi. Sijui kama alikuwa ananisifu au ananivika kilemba cha ukoka, lakini nimekivaa.

Jana kabla ya mazoezi nikamwambia na Mwalimu. Alikasirika, na alikuwa na haki. Hakunisemesha hadi tulipofika wimbo wa nne. Akaniambia nikuandikie, na kwamba nisipokuandikia yeye atakuandikia, na yeye akiandika huweka na alama kwa kalamu nyekundu. Ndiyo hii sasa unaisoma. Nisamehe, Tetemeko. Nilikuficha wewe ili nionekane mimi, na nilipoonekana nikajificha. Nisamehe na kwa ya simu kuingia maji, hiyo ilikuwa ya kijinga hata kwa mwongo.

Ukuta tumeufuta kwa kitambaa kibichi na shemeji ameandika upya. Kwenye rekodi na kila kitakachotoka na wimbo huu, Mwalimu amesema itaandikwa hivyohivyo. Mstari wa besi unasema Tetemeko, mara ya kumi na mbili, mpaka umegusa sakafu na ameandika akiwa amelala kifudifudi. Na pembeni yake, kwa kuwa chini hakuna tena nafasi, ameongeza mstari ambao ukuta ule haujawahi kuwa nao. Unasema, Kimya: Sponji.

Msalimie yule mgongaji wa mlango. Mwambie ana deni la shukrani kwangu, au mimi kwake, tutalipana siku tukionana. Mama anakusalimu na anarudia habari ya goti. Baba yako anakusalimu, anauliza kama huko kuna radio za fundi kama yeye kutengeneza. Dada anakusalimu na anataka hedifoni zake. Mwalimu na shemeji wanakusalimu, na shemeji anasema mguu wake umekukumbuka. Mungu akulinde kwenye hizo ngazi, akupe kazi isiyokuumiza na bafu la peke yako.

Picha yangu bado iko karibu na yako, ingawa nimemweleza Mama yote. Aliitazama muda mrefu, akainyoosha, akaiacha imeegemea birika. Fremu hajaninunulia.

Jambo moja la mwisho, na hili sitanii. Najua utarudi, na ukirudi gitaa ni lako. Nitalishusha msumarini nikukabidhi kwa mikono miwili. Roho itaniuma, lakini nitakupa, na nitakaa kwenye kochi la mteja nikusikilize ukizipiga zote kumi na mbili, nikuonee wivu nikiwa nimestarehe. Ila ukifika pale pa "taa zikazima mtaa mzima", binamu yangu, nakusihi, ondoa vidole. Hesabu mpaka nane ndipo urudi. Hapo pana mtu.

Wako akupendaye, na wivu wangu bado ninao,

Sponji